Mafuta ya Tingatinga

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana wa maabara hamjaniacha nipumzike. "Mzee, andika. Mzee, andika." Haya, naandika. Lakini nitaandika vile naongeanga, kwa sababu hakuna mahali nilifundishwa njia ingine. Mambo ya vyeo mkaulize ofisini. Mimi nitawaambia juu ya chumba chetu cha Kakamega, miaka ya tisini, na mshipa wa ng'ombe ndume mmoja wenye ulikuwa karibu kutumalizia kazi. Na mtu asiniambie natia chumvi. Chumvi nilikuwa napima kwa mizani kila asubuhi, najua yangu ni kiasi gani.

Wakati huo nilikuwa kijana, mdomo mrefu na hasira iko karibu. Nilikuwa na meza ya kutengeneza redio kando ya barabara pale Shieywe. Hakuna mtu alinifundisha. Nilifungua redio ya baba yangu, nikachapwa, nikaifunga, ikalia vizuri kuliko mbeleni, basi nikaendelea. Watu waliniita Redio, na haikuwa kwa sababu ya kazi peke yake.

Siku moja akaja mama mfupi, sauti ya chini, anatembea nyuma ya mkokoteni. Kwa mkokoteni kulikuwa na mashine imefunikwa na shuka la kitanda. Huyo ndiye Daktari Muhonja. Alikuwa amesoma mbali sana, halafu akarudi nyumbani kwa kupenda kwake, akapewa chumba kimoja cha utafiti chenye kilikuwa stoo.

"Wewe ndiye Redio?"

"Ndiyo mimi. Lakini hiyo si redio."

"Si redio. Ina kalamu, inachora kwa karatasi vile mshipa wa damu unajikaza. Kalamu imekataa kusonga."

"Mshipa unajikaza? Hauna mkono, unajikazaje?"

Aliniangalia kama mtu ameulizwa habari za mtoto wake. "Tengeneza kwanza. Halafu uje uone."

Nilitengeneza. Ilikuwa ni waya umeachia tu. Nikaenda kuona, na sikurudi tena kwa ile meza yangu isipokuwa kuchukua vyombo.

Kile niliona ni hiki. Mshipa wa ng'ombe ukiukata unapata pete, kama pete ya ndoa lakini laini. Pete unaitundika kwa ndoano mbili ndani ya kikombe cha glasi chenye maji ya chumvi, ya uvuguvugu kama mwili, na hewa inapita ikitoa mapovu. Ndoano ya juu inashikana na mashine. Ukidondosha noradrenalini, ile dawa mwili unajitolea mwenyewe mtu akishtuka, pete inajikaza na kalamu inapanda. Mara ya kwanza kuona nilipiga kelele. Nyama ya jana kwa bucha, leo inavuta waya! Daktari alicheka mpaka akashika meza.

Kazi yenyewe ilianzia Isecheno. Watu wa huko msituni walikuwa na gome la mti wanachemsha, wanakunywa wakiwa na presha. Daktari alilijaribu kwa pete zetu, akaona linalegeza mshipa, lakini kwa njia ya ajabu. Sikizeni vizuri hapa, maana yote yanayofuata yanasimama hapa.

Kinachokaza msuli wa mshipa ni kalsiamu. Kalsiamu iko mahali pawili. Kidogo imewekwa ndani ya seli, kama mahindi kwa ghala. Nyingi iko nje, kwa maji. Ukiosha ile ya nje yote, halafu udondoshe noradrenalini, kalamu inachora kilima kidogo na kushuka haraka. Hiyo ni ya ghalani, imeisha. Sasa rudisha kalsiamu kwa maji. Kalamu inapanda kilima cha pili, kirefu, na kinakaa huko juu. Hiyo ni kalsiamu inaingia kutoka nje kupitia mlango. Gome la Isecheno halikugusa kilima cha kwanza. Liliua cha pili.

Ndiyo Daktari akaanza kuuliza: ni nani anafungua huo mlango? Wakubwa wengi wakati huo walisema ni ghala lenyewe likiisha ndilo linaita. Daktari Muhonja alisema kuna kitu katikati, na hicho kitu ni mafuta. Ngozi ya seli imetengenezwa na mafuta. Noradrenalini ikifika inaamsha mkasi, wenye shule wanauita kimeng'enya, na huo mkasi unakata kipande cha mafuta kutoka kwa ngozi. Kile kipande ndicho kinaenda kufungua mlango. Alikuwa na kichupa cha dawa ya kufunga mkasi. Ukifunga mkasi, kilima cha pili kinalala chini kabisa. Ukitia yale mafuta yenyewe kutoka chupa ingine, kilima kinarudi ingawa mkasi bado umefungwa. Niliona kwa macho yangu tena na tena. Mtu akikataa nilikuwa tayari kupigana naye, na kuna mmoja pale stendi nilipigana naye kweli, na hata hakujua seli ni nini.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kujitafutia. Ndoano za kwanza nilikunja kutoka kwa kebo ya breki ya baiskeli. Nilijiona fundi. Maji ya chumvi yakazila, kutu ikaingia, pete zikafa. Daktari hakunigombeza, aliniambia tu, "Redio, msuli unaonja kila kitu. Hata wewe ukiwa na hasira karibu nao utaonja." Nikaenda kuomba waya kwa fundi wa meno, ule haushiki kutu. Stima ikipotea, tulikuwa tunapasha maji kwa jiko la mafuta ya taa, lakini nje ya dirisha, kwa sababu moshi pia msuli unaonja. Hivyo ndivyo nilisoma. Hakuna mtu aliniandikia ubaoni.

Na mishipa? Hapo ndipo mtu wa Nairobi angekwama. Pale kichinjioni matumbo si ya mchinjaji. Ng'ombe akishapasuliwa, nyama ni ya bucha, lakini matumbo na kila kitu kimeshikana nayo ni ya akina mama wa matumbo, na mshipa tuliotaka umelala ndani ya ule utandu wa mafuta unaoshika matumbo. Hata ukiwa na barua ya serikali, huo ni mali ya mama. Mkubwa wao alikuwa Mama Mmbone, mikono minene, mdomo kuliko wangu.

"Wewe Redio, unakuja kuniibia mafuta yangu tena?"

"Mama, mafuta baki nayo. Mimi nataka mshipa tu."

"Mshipa wa nini? Huna wako?"

"Wangu bado natumia."

"Hata hiyo damu iko ndani ya wako ni ya kelele tu." Halafu anapitisha vidole, mafuta yote yanabaki kwa karai yake ya kuyeyusha, na mshipa unatoka safi kama uzi. Nauweka kwa themosi yenye maji baridi ya chumvi, napanda baiskeli. Siku zote ilikuwa hivyo: mafuta yake, mshipa wangu.

Sasa ikafika barua. Wale waliotupatia mashine walikuwa Nairobi, na walisikia Daktari Muhonja anasema mambo ya mafuta kutoka Kakamega. Wakamtuma Profesa mmoja aje aone kwa macho yake. Kama kazi inasimama, mashine zinabaki. Kama haisimami, anarudi nazo. Ilikuwa hivyo tu, bila maneno mengi. Daktari alisoma, akaikunja, akaendelea kupima chumvi. Lakini niliona anapima mara mbili. Bila zile mashine hakuwa na kazi yoyote hapo, angerudi mbali alikotoka, na chumba kingekuwa stoo tena.

Profesa angekuja Jumatatu. Na Jumamosi kabla ya hapo, Malinya kulikuwa na vita vya ndume, ng'ombe wawili pembe kwa pembe na watu wamejaa uwanjani.

Lazima niwaambie juu ya Tingatinga. Alikuwa ndume mweusi, shingo kama gogo, wa Bwana Lihanda wa upande wa akina mama yangu. Alilishwa majani ya kuchaguliwa, akapewa pombe ya busaa, akaimbiwa. Nilimfuata kila uwanja. Mtu akimtukana Tingatinga amenitukana mimi. Hiyo Jumamosi ngoma za isukuti zililia, vumbi ikapanda, na ndume kijana kutoka upande wa Shinyalu akamgeuza. Tingatinga akageuka akakimbia. Sikuamini. Nilibaki nimesimama pale watu wote wakikimbia nyuma ya yule mshindi, wakimzungusha barabarani wakiimba. Bwana Lihanda alikasirika, Jumapili akamuuza.

Jumatatu asubuhi kichinjioni walichinja ng'ombe mmoja tu. Mama Mmbone hakunitania. Aliniita kando.

"Redio. Unajua ni nani huyu?"

Niliangalia ngozi nyeusi imekunjwa pale chini.

"Sijagusa mafuta yake," akasema. "Huyu siwezi kumvua kama ng'ombe wa kawaida. Alitufurahisha. Chukua mshipa na nguo yake yote."

Nilimshukuru. Ilikuwa ni heshima kubwa, na mimi niliichukua kama heshima. Nikapanda baiskeli na Tingatinga kwa themosi, na sitasema kama nililia.

Profesa alikuwa amefika. Mwanaume mrefu, suti ya kaki, mpole. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Nje kulikuwa na pikapu, na dereva wake alikuwa ameshatoa kamba na magunia ya kufungia vitu, ameyapanga vizuri kwa nyasi. Hizo kamba ndizo zilianza kunichemsha.

Daktari alilaza mshipa chini ya kioo cha kukuza. "Huyu ni mzee," akasema. "Mafuta yameshikana na nyama." Akavuta kidogo kwa koleo, akaacha. "Nikilazimisha nitapasua msuli. Huu utando wa mwisho nauacha." Profesa akainama akaangalia, akakubali. Hata mimi ningeuacha. Akakata pete mbili, tukazitundika.

Tukaosha kalsiamu. Daktari akatia ile dawa ya kufunga mkasi, tukangoja. Noradrenalini: kilima kidogo, kikashuka. Vizuri. Sasa kalsiamu ikarudi kwa maji. Mkasi umefungwa, kwa hivyo kalamu ilitakiwa kulala.

Kalamu ikapanda. Zote mbili. Zikapanda zikakaa huko juu kama hakuna dawa iliyowahi kutiwa.

Profesa akainama akaangalia karatasi.

"Daktari," Profesa akasema polepole, "mkasi umefungwa, na mlango umefunguka. Basi mlango haungojei mafuta."

"Inaonekana hivyo," Daktari akasema.

Inaonekana hivyo! Mimi nilipasuka. "Profesa, na heshima yako, wewe ulikuja umeshaamua! Dereva yuko nje na kamba! Mtu anakuja kuangalia kazi na kamba mkononi? Sisi hapa tumefanya hii kitu mpaka kalamu ikaisha wino! Tumepasha maji dirishani! Mimi nimepigana stendi juu ya haya mafuta!"

"Umepigana?" Profesa akauliza.

"Na nilishinda!"

"Redio," Daktari akasema, bila kugeuka. "Zima."

Nikazima. Alikuwa ameinamisha uso karibu na kikombe cha glasi, anaangalia juu ya maji. Akakaa hivyo. Halafu akaniita kwa kidole. Juu ya maji, mahali mapovu yanapasukia, kulikuwa na kitu kinang'aa, duara ndogo ndogo zinaelea, zinashikana, zinaachana.

"Unaona nini?"

"Naona supu, Daktari."

"Na mimi naona supu." Akanyoosha mgongo. "Profesa, mkasi wa huu msuli nimeufunga. Lakini mafuta nimeyaleta mwenyewe kutoka nje. Utando niliouacha unayeyuka ndani ya kikombe."

"Inawezekana," Profesa akasema. "Inawezekana pia unatafuta njia ya kutoka."

Nilifungua mdomo. Daktari akaniangalia. Nikaufunga.

"Ni kweli," akamwambia. "Ndiyo maana sitaki uniamini. Kaa chini."

Akatoa pete zote mbili, akazirudisha chini ya kioo. Ule utando wenye alikuwa ameuacha, sasa akauanza kwa ncha ya mkasi wa chuma, mdogo kuliko yote, uzi mmoja mmoja. Nilishika taa. Pete ya kwanza ilipasuka. Nilisikia Daktari akivuta pumzi, akaiweka kando. Ikabaki moja, na hakukuwa na ng'ombe mwingine siku hiyo. Alifanya kazi juu ya ile moja vile mtu anatoa mwiba kwa jicho la mtoto. Ikatoka safi. Vile vipande vya mafuta hakuvitupa, aliviweka kando kwa kitambaa cha wavu.

Maji mapya, kikombe kingine. Tukarudia kila kitu toka mwanzo. Mkasi ukafungwa. Noradrenalini: kilima kidogo, chini. Kalsiamu ikarudi.

Kalamu ikalala.

Nilitaka kuruka. Lakini Profesa akasema, na alikuwa na haki ya kusema, "Labda umeiua ukiisafisha."

Daktari akatia potasiamu, ambayo inafungua mlango mwingine, ule wa umeme, haihitaji mkasi wala mafuta. Kalamu ikaruka juu. Pete ilikuwa hai kabisa. Akaiosha, akairudishia dawa zote kama mwanzo, kalamu ikalala tena. Halafu akachukua ule wavu wenye mafuta ya Tingatinga, akauning'iniza ndani ya maji, kando ya pete, bila kuigusa.

Tukangoja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kalamu ikatingisha kichwa kidogo. Ikapanda. Ikapanda polepole kama ndume mzee anainuka, na haikusimama mpaka ikafika juu.

Daktari akatoa wavu, akaosha. Ikashuka.

"Ndani ya kipande cha mafuta kuna vitu vingi," Profesa akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ingine, alikuwa amevua koti.

"Vingi sana," Daktari akasema. "Kwa hivyo hii siandiki kama jibu. Naiandika kama swali." Akachukua ile chupa ya mafuta safi, yale ya aina moja tu, akadondosha. Kalamu ikapanda njia ile ile.

Profesa alikaa akiangalia karatasi ikitembea. Baadaye akainuka, akaenda mlangoni, akamwambia dereva, "Rudisha hizo kamba."

Daktari Muhonja aliketi kwa stuli yake. Nilifanya naye kazi miaka mingi na hiyo ndiyo siku peke yake nilimwona ameketi kabla ya kuosha vyombo. Nilimwoshea mimi.

Profesa akaanza kuandika ripoti yake. Akauliza, "Huyu mnyama niandike nini? Ng'ombe dume, mzee?"

"Andika Tingatinga," nikasema.

"Samahani?"

"Ana jina. Alikuwa wa Malinya. Hutaandika ng'ombe dume."

Alimwangalia Daktari. Daktari akasema, "Ningekuwa wewe ningeandika. Huyu alishapigana stendi." Na Profesa wa watu akaandika, na akaniuliza kama ni neno moja ama mawili.

Nyinyi vijana mnakuta mashine zimejaa hapo mnafikiri zilikuwa hapo tangu dunia iumbwe. Zilibaki kwa sababu ya siku hiyo. Kama sasa mnasafisha pete mpaka utando wa mwisho, na kuninung'unikia kwamba mzee anasumbua, mjue ni Daktari aliyeanzisha baada ya siku hiyo. Na kitu kingine: alipoona kalamu imepanda vibaya, hakuificha, hakulaumu mtu, wala hakunilaumu mimi niliyeleta mshipa na nguo yake. Aliinama akaangalia maji. Mimi hasira ilinijaa machoni nikaona kamba peke yake. Yeye aliona mafuta. Huyo ndiye mkubwa wangu, na mtu akisema vingine mbele yangu, hata leo na hii miguu, tutaonana.

Kesho yake nilirudi kichinjioni na themosi. Mama Mmbone alikuwa ameinama juu ya karai.

"Redio. Ule wa jana ulifanya kazi?"

"Mama, alianza vibaya. Tulidhani amekimbia tena."

Akanyoosha mgongo. Wale mama wengine nao wakaacha visu.

"Halafu?"

"Halafu yale mafuta uliyomwachia. Yalimgeuza. Ni hayo mafuta yalifungua mlango. Profesa alirudisha kamba kwa gari."

"Kwa hivyo alishinda?"

"Alishinda."

Mama Mmbone alimwaga maji, akageuza karai lake juu chini, akaanza kulipiga kama isukuti. Wa pili akafuata na sufuria, wa tatu na kifuniko. Wakaniweka katikati na baiskeli yangu, wakaniimbia nyimbo za ndume aliyeshinda, zile ambazo Jumamosi Tingatinga hakuimbiwa, wakanitoa mpaka getini, watu wa barabara ya Malava wakisimama kuangalia ni ng'ombe gani anazungushwa na haonekani.

Nilifika maabara nimechelewa. Daktari alikuwa ameshapima chumvi, mara moja tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunamzungusha Tingatinga."

Akachukua ile karatasi ya jana, ile yenye kilima kinapanda polepole, akaibandika ukutani juu ya mashine.

"Haya, Redio," akasema. "Washa."